Kulungu wa Kona ya Juu

Jumapili, 5 Februari

Miguu imevimba tena. Ibada ndefu, jua kali, gauni la kimisheni limenata mgongoni. Nimerudi nikaketi kibarazani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, nikaapa leo sitoki hata paa likiungua.

Halafu wakaja. Majike watatu, kule juu ya kijito, nyuma ya shamba la viazi vikuu. Nikatoka mbio na miguu inachuruzika maji!

Kamera ni ya binti yangu Solange. Amenunua mpya huko mjini Nouméa, hii akaniletea Krismasi ili nimtumie picha za nyumbani. Lenzi yake ndefu imeshikiliwa na plasta, lakini inaona mbali kuliko mimi. Nimepiga nyingi. Karibu zote ni matako ya kulungu.

Régis kaziangalia moja moja, kacheka mpaka kakohoa. Eti mama mzima anawinda kwa kitu kisichotoa nyama. Wageni wa harusi wakija na njaa tuwape nini — picha na wali?

Mwanangu huyu anaoa mwezi ujao. Mungu atusaidie.

Jumanne, 7 Februari

Masufuria ya kantini. Shule inafunguliwa wiki ijayo na yamekaa likizo nzima na ukoko wa mwaka jana. Nimesugua mpaka vidole vimekunjamana.

Noëlla hanipumzishi. Kila mwaka tunasugua pamoja na kila mwaka ana la kunicheka. Safari hii ni kulungu. Tunamla kila wiki, anasema, wa kukaanga, wa mchuzi, wa kukaushwa — na wewe unampiga picha kama binamu yako aliyerudi kutoka Ufaransa!

Acha aseme. Jioni nilikaa upande wa chini wa kijito nikawasubiri. Nimejifunza jambo: jioni upepo unapanda mlima, nikikaa chini wananinusa na sioni hata mkia. Kumbe asubuhi upepo unashuka. Kwa hiyo ni asubuhi, kabla ya kazi. Yaani nipunguze na usingizi pia. Nimezeeka nimekuwa mpumbavu.

Mmoja wa wale majike nimeshamjua. Sikio la kushoto limechanika, tumbo limejaa, anakaribia kuzaa. Ananitazama kwa juu, kidevu kimeinuka, vilevile marehemu mama mkwe alivyotazama samaki wangu wa nazi wa kwanza. Nimempa jina Mavyaa.

Ijumaa, 10 Februari

Picha nzuri moja! Mavyaa amepiga mguu chini. Wakishtuka hupiga mguu kwanza — pu, pu — halafu ndiyo hutoa ule mlio mkavu, kama mtu anayesafisha koo kanisani. Mguu ni onyo, mlio ni kukimbia. Miaka yote hii nimeishi hapa na sikujua. Mume wangu alijua bila shaka, lakini yeye alikuwa na bunduki, na mwenye bunduki haongei na mkewe habari za miguu ya kulungu.

Madume hayaonekani. Pembe zao za zamani zimedondoka, mpya zimefunikwa ngozi yenye vinyweleo na zinauma zikiguswa, kwa hiyo hujificha. Nimecheka peke yangu. Wanaume!

Téin alinikuta pale nimelala kifudifudi kwenye nyasi. Téin ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na ndiye mtunza viazi wa ukoo. Tangu mashina yalipopanda vijiti shamba limefungwa, haingii mtu ila yeye, mpaka siku ya kuvuna kiazi cha kwanza. Amelizungushia nguzo na seng'enge, na juu yake nyavu kuukuu za samaki alizoomba kwa watu wa pwani, maana kulungu anaruka.

Alisimama akavuta tumbaku yake. Mwishowe akasema, "Shemeji, piga picha. Lakini usivuke."

Nikasema nimesikia.

Jumamosi, 11 Februari

Bingo ya kuchangia harusi. Nimeshinda kuku mmoja na sabuni. Nimerudi na kichwa kinauma.

Marcelin alikuwepo, mdogo wa mume wangu, na pikapu yake mpya kaiegesha mahali ambapo hata kipofu angeiona. Maneno yake ni yaleyale. Kaka Téin amechoka, mikono inatetemeka, viazi vya ukoo si vya kuachiwa mzee. Na nyavu zile! "Fensi gani ile? Anatunza viazi au anavua dagaa?" Watu walicheka. Na mimi nilicheka kidogo, naandika ukweli.

Lakini viazi vile si vya mzaha. Ni vya Régis. Ndivyo tutakavyobeba mpaka kwa watu wa Yolène ng'ambo ya mlima, virefu, vizima, visivyovunjika hata ncha. Unaweza kuchinja ng'ombe, unaweza kurundika vitambaa mpaka darini. Bila viazi vya shamba lako umekwenda mikono mitupu.

Jumatano, 15 Februari

Shule imefunguliwa. Watoto mia na kitu na wote wanachukia maharage. Magoti! Nimelala na sare ya kazi.

Mavyaa amezaa. Tumbo limekwisha, kiwele kimejaa. Mtoto sijamwona.

Alhamisi, 16 Februari

Nimemwona! Kwa lenzi tu, kwa macho ningepita. Amelala kwenye nyasi ndefu nje ya kona ya juu ya shamba, chini ya jiwe lenye ukungu mweupe. Haoneshi hata pumzi. Mama yake alikuwa mbali kabisa, anakula kama asiye na mtoto duniani.

Nilimpigia Solange. Amenisomea mahali: mtoto mchanga hana harufu, kwa hiyo mama humlaza na kwenda zake ili asimvutie mbwa. Humrudia kumnyonyesha tu. Na mtoto hukaa pale alipowekwa. Ukimkaribia hakimbii. Ukimgusa hakimbii. Ameambiwa akae, anakaa.

Nilifikiri sana juu ya hilo nikimenya viazi vya kantini. Mimi nililetwa ukoo huu nikiwa na miaka kumi na tisa.

Tatizo ni wavu. Kutoka huku kwangu lazima nipige kupitia shamba, na wavu wa kona ya juu unakata kila picha. Kulungu wa miraba miraba. Nikienda upande wa pili upepo unanichongea. Nimefuta zote.

Jumamosi, 18 Februari

Nimevuka.

Nimeandika, basi. Kulipopambazuka nilipita ukingoni mwa shamba, sikukanyaga tuta hata moja, nimepita kama paka. Kwenye kona ya juu nikakunja wavu, nikaufunga kwa juu kwa kile kitambaa changu cha kufutia lenzi — kipande cha gauni langu kuukuu la bluu — nikalala chini nikangoja. Jua likapanda kidogo. Mavyaa akaja kwa kuzunguka, hatua moja, kusimama, hatua moja. Akatoa sauti ndogo sana. Na nyasi zikasimama zikawa mtoto!

Amenyonya mbele yangu. Mkia unatetemeka. Mavyaa anamlamba matako na macho yako kwangu. Alijua nipo. Nina hakika alijua.

Nililia. Mimi ambaye sikulia hata kwenye mazishi ya mume wangu, watu wakasema.

Halafu king'ora cha tahadhari. Redio ilikuwa imesema jana kimbunga kitapita mbali, kumbe kimegeuka. Nimemsikia Régis anaita kama nyumba imeshakwenda. Nimekimbia na kamera kifuani. Tumepanda paani, tumefunga bati kwa kamba, mawe juu, maji kwenye mapipa, kuku ndani. Mgongo umekatika. Upepo umeshaanza. Naandika kwa tochi na nitaacha, betri zitahitajika.

Jumatatu, 20 Februari

Mvua tu. Mvua na upepo siku mbili, tumefungiwa ndani. Kimbunga chenyewe kilipita baharini. Bati limeshika. Umeme hakuna, gari la mkate halikuja, Régis amepiga wimbo uleule kwenye gitaa mpaka nimetamani kimbunga kirudi.

Jumanne, 21 Februari

Viazi vimeliwa.

Nilisikia sauti ya Téin alfajiri, si kelele, ni kama mtu aliyepigwa tumboni. Nikatoka kibarazani na kamera. Kwa nini na kamera? Sijui. Mikono imezoea. Nilipiga picha bila kutazama ninachopiga.

Waliingia kwa kona ya juu, kundi zima, siku mbili za mvua bila mtu. Wamekula majani yote mpaka udongoni, vijiti vimelala, matuta yamechimbwa kwa kwato. Kiazi kisicho na majani hakikui tena, na vile vikubwa vya katikati wamevikanyaga vikavunjika. Nilisimama nje ya fensi na wanawake wengine.

Marcelin ndiye aliyeanza kusema. Tahadhari ikilia mtu anaangalia fensi yake kwanza! Wavu umekunjwa na upepo na mtunzaji yuko kitandani! Alisema mengi, na mbele ya vijana. "Kaka, nakuheshimu, lakini tazama. Tazama! Hii ndiyo harusi ya mtoto wa marehemu."

Téin alikuwa ndani, peke yake, amesimama kwenye matope. Akasema, "Wavu ni wangu." Basi. Akaanza kusimamisha vijiti ambavyo havina tena cha kupanda juu yake.

Nilikwenda kazini. Nilikuwa naosha sinia za watoto. Ndipo nilipokumbuka. Kile kitambaa cha bluu. Niliufunga wavu juu na sikuufungua.

Noëlla akauliza kama naumwa. Nikasema magoti.

Jumatano, 22 Februari

Nimekwenda kwenye kona kabla ya kazi. Wavu umeteremshwa, umeshonwa upya. Kitambaa hakipo. Upepo umekichukua, nilijiambia. Nikajiambia tena njia nzima. Upepo.

Ijumaa, 24 Februari

Sijalala vizuri wiki yote. Mchuzi wa kantini nimeutia chumvi mara mbili.

Imeamuliwa hivi: koo ndugu zitatoa viazi, kila nyumba kidogo, harusi itafanyika. Lakini watu wa Yolène lazima waambiwe kwa nini si viazi vya shamba letu. Wanaume watakaa Jumamosi ya wiki ijayo. Marcelin anataka utunzaji wa viazi uondolewe kwa Téin siku hiyohiyo. Noëlla anasema ni haki. Anasema mzee hana hata wa kumtetea, mkewe alishafariki, wanawe wako migodini kusini. Kisha akabadilisha, akasema lakini maskini, alipewa kazi ile na baba yake akiwa kijana, nje ya viazi yule mtu hata salamu hajui. Nilikuwa nakata vitunguu. Bahati.

Régis na wenzake wanataka kuwavizia kulungu. Aliniuliza jikoni, "Mama, wewe ndiye binamu yao. Wanapita wapi?"

Nikasema sijui. Akacheka. Akachukua kamera mezani, akatafuta, akakuta picha ya lile jiwe lenye ukungu mweupe. Analijua tangu utotoni, alikuwa akiteleza juu yake.

Nikanyanyua ndoo nikaenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji.

Jumamosi, 25 Februari

Wamemleta Mavyaa.

Ametundikwa kwenye tawi la mshelisheli nyuma ya nyumba. Sikio la kushoto. Régis alimchuna, na alipofika kwenye kiwele maziwa yalimwagika mikononi mwake akasema lo! Vijana wakashusha visu. Halafu mmoja akafanya mzaha wakaendelea.

Nimempika mimi. Vitunguu, tangawizi, tui la nazi. Watu wamesifu. Na mimi nimekula. Siwezi kujidai, nilikuwa na njaa na nyama ilikuwa laini.

Aliingia shambani kwa sababu nilimfungulia mlango. Ameuawa kwa sababu aliingia. Na anayesemwa ni Téin.

Jumapili, 26 Februari

Sikwenda kanisani. Nimesema tumbo.

Alikuwa palepale. Chini ya jiwe, kichwa kimelala juu ya miguu, nzi machoni. Nimesimama juu yake, hakukimbia. Nimemgusa, hakukimbia. Amengoja tangu jana alfajiri. Nilitaka kupiga picha, nikaona aibu, nikamfunga ndani ya upande wa gauni nikashuka naye.

Yuko jikoni ndani ya boksi la ndizi. Hanywi. Nimejaribu maziwa ya unga kwa kidole, kwa kitambaa, kwa chupa ya mtoto wa jirani. Hanywi. Régis kaja kachungulia. Nilifikiri atatania, eti nyama ya ubatizo. Hakutania. Aliketi chini akasema, "Samahani, Mama. Sikujua."

Mwanangu kaniomba msamaha mimi!

Jumatano, 1 Machi

Jioni nilikuwa nafuta picha ili kadi ipate nafasi ya harusi. Nikafika zile za alfajiri ya Jumanne, nilizopiga bila kutazama. Shamba. Matope. Téin kwenye kona ya juu, amenyoosha mikono. Nikaikuza. Nikaikuza tena.

Anafungua kitambaa cha bluu.

Picha inayofuata anakitia mfukoni. Inayofuata, Marcelin na watu wanaingia kwenye picha kutoka kushoto, na Téin ameshageuka.

Nimekaa nayo mapajani mpaka chai ikapoa. Alijua. Alijua kabla mtu hajafika, kabla hajasema wavu ni wangu. Kila mwanamke wa hapa analijua lile gauni la bluu, nimelivaa kwenye kriketi miaka minane!

Alhamisi, 2 Machi

Nimekwenda kwake baada ya kazi. Nimechukua kitambaa kipya cha kijani na tumbaku. Kwetu mtu haendi na mdomo mtupu, unatanguliza ada. Na mke aliyeletwa ukooni hasemi mbele ya wanaume. Neno lake hubebwa na mkubwa wa upande wa mumewe. Mume wangu hayupo. Mkubwa wake ni Téin. Yaani mtu pekee anayeweza kwenda kusema kosa langu ni yule anayelipia kosa langu. Nimelizungusha kichwani siku nzima na halina mlango mwingine.

Alikuwa ananoa jembe. Jembe la kulimia nini?

Nikaweka kitambaa mbele yake. Nikasema, "Shemeji, nilivuka. Wavu niliufunga mimi."

"Najua."

"Sasa nibebee. Jumamosi, mbele yao."

Aliingia ndani akatoka na kitambaa changu cha bluu. Amekifua. Amekikunja vizuri kama leso ya kanisani. Akanirudishia mkononi.

Kisha alisema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema. Kwamba nikisema, watu wa ng'ambo watajua kabla jua halijazama. Mama wa bwana harusi ameingia kwenye viazi vilivyofungwa, amewafungulia kulungu. Wewe ndiye utakayempokea binti yao, shemeji. Nani atamwacha binti yake kwenye mikono hiyo? Watamchukua Yolène warudi naye. "Lakini mimi ni mzee. Mzee husahau wavu. Nani atashangaa?"

Nikamwambia, "Watakuondoa kwenye viazi."

"Wataniondoa."

"Utafanya nini?"

Akatazama lile jembe. Akasema kuna kivuli kizuri upande wa nyuma ya nyumba, hajawahi kupata nafasi ya kukikalia. Alijaribu kucheka. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, Marcelin hakusema uongo.

Nikalia kwa hasira. Nilimwambia huna ruhusa ya kunibebea kitu ambacho sikukupa! Nimekupa hiki, beba hiki! Akatazama kile cha kijani muda mrefu. Kitambaa kikishawekwa chini hakikataliwi. Akakiokota, akakitia kwapani.

Hakusema atakipeleka. Hakusema hatakipeleka.

Ijumaa, 3 Machi

Amekunywa! Nusu chupa, kwa fujo, povu mpaka puani, baada ya siku zote hizi za matone ya kijiko. Sikumpa jina. Sitampa.

Nimechoka mpaka kwenye nywele. Kesho chakula cha watu wote: majimbi, mihogo, kuku wa kufukia kwenye mawe ya moto. Wanatumwa wazee wawili wa upande wa Yolène, watasikiliza pia.

Régis amejaribu suti. Imembana begani kama ya baba yake ilivyombana. Anafurahi, hawezi kuficha. Anaimba bafuni. Nikimtazama nasema nitanyamaza. Halafu napita mbele ya shamba.

Jumamosi, 4 Machi

Jikoni, ubavuni mwa ukumbi. Masufuria yote yako motoni na hakuna la kufanya ila kungoja, kwa hiyo naandika, daftari juu ya gunia la mchele. Noëlla anadhani napiga hesabu ya sahani.

Wanaume wako ukumbini. Kuta ni za mianzi, tunaona kupitia nyufa. Wale wazee wawili wa ng'ambo wamekaa karibu na mlango, kofia magotini. Marcelin amemaliza kusema sasa hivi. Amesema vizuri, lazima nikubali. Hakutukana. Amesema kuzeeka si aibu, aibu ni kung'ang'ania. Watu wameguna kukubali.

Téin amesimama.

Amevaa shati jeupe. Kitambaa changu kiko kwapani, naona ukingo wa kijani. Ameanza na mababu, na mlima, na kijito, kama inavyotakiwa, haruki hata jina moja. Sauti haitetemeki. Mikono tu.

Noëlla ananinong'oneza, maskini, tazama anavyojikaza. Nimemwambia anyamaze. Amenishangaa.

Sasa ameinama. Anaweka kitambaa kwenye mkeka mbele yao.

Ni chekundu.

Ni chekundu! Alikuwa nacho kwenye mfuko wa suruali. Kile changu bado kiko kwapani, amekibana kwa nguvu. Anasema yeye Téin alisahau. Anasema anaomba radhi kwa mababu, kwa mtoto wa mdogo wake, kwa wageni wa ng'ambo. Wale wazee wanatikisa vichwa taratibu. Wanapokea. Mmoja anafuta macho. Marcelin anainama kuokota kitambaa, na hata yeye uso wake si ule wa kuanzia.

Imekwisha kwa uzuri. Yolène atakuja. Kila mtu ameridhika.

Régis ametoa kichwa mlangoni, meno yote nje. "Mama! Leta kamera, uje upige picha! Wanapeana mikono!"

Noëlla amenisukuma bega. Haya Lali, unaitwa, tangu lini wewe unangoja kubembelezwa kupiga picha?

Kamera iko hapa juu ya gunia. Ile picha ya Téin akifungua kitambaa kwenye kona ya juu bado imo ndani, sikuifuta. Mtoto wa Mavyaa nimekuja naye, amesimama ndani ya boksi lake la ndizi. Ukuta wa boksi unamfika kifuani, angeweza kutoka akitaka.

Nimefunga aproni. Nimeifungua. Nimetoa kile kitambaa cha bluu kwenye sidiria nikakifunga kwenye mkanda wa kamera, mbele, mafundo mawili. Téin atakiona nikiwa bado mlangoni. Wanawake wote watakiona, na atakayeuliza, picha imo.

Régis anaita tena. Nakwenda.